Klasi Imegeuka Nyekundu: Kutatua Matatizo ya Uhusiano kati ya Klasi katika Ontolojia

Mwongozo huu ni wa anayejenga ontolojia, yaani maelezo rasmi ya klasi (makundi ya vitu) na uhusiano wao, kwa lugha ya OWL, hasa ndani ya programu ya Protégé, na amefika mahali ambapo injini ya mantiki, inayotoa hitimisho kutokana na kauli zake, inampa majibu asiyoyategemea, au haimpi lolote. Umepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayojitokeza mara nyingi, kisha shuka.

Mfano ni mmoja kote: ontolojia ya muhogo na magonjwa yake. Una karibu kila uhusiano unaosumbua watu: sehemu na kizima, aina na mmea mmoja mmoja, kisababishi na kienezi. Batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa mawili ambayo wakulima wa Afrika Mashariki wanayajua vizuri mno, husababishwa na virusi. Virusi hivyo hubebwa na nzi mweupe, Bemisia tabaci, na pia husafiri kimyakimya ndani ya pingili ambazo mkulima anakata mwenyewe kwa ajili ya msimu unaofuata.

Kabla ya dalili zote, elewa hili. Unapoandika sharti la klasi huchori mshale kati ya maneno mawili. Unatoa kauli inayohusu kila kitu kilichomo ndani ya klasi hiyo. Ukiandika

`Jani SubClassOf niSehemuYa some Mmea`

umesema kwamba kila jani, bila kubakiza hata moja, ni sehemu ya mmea fulani. Kama jani lililoanguka chini limekujia akilini na kukutia wasiwasi, umeliona kosa kabla ya injini. Soma kila sharti kwa sauti ukianza na neno "kila". Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa hapa chini hugundulika hivyo tu, bila kubofya chochote.

Mambo mawili ya awali: hifadhi nakala ya faili kabla ya kugusa kitu, na hakikisha injini imewashwa na kusawazishwa baada ya badiliko la mwisho. Watu huhangaika na "injini isiyofanya kazi" kumbe hawajaiwasha.

Dalili: jina la klasi ni jekundu, nayo imewekwa chini ya owl:Nothing

Faili halijaharibika. Injini inasema kwamba klasi hiyo haiwezi kamwe kuwa na kitu ndani yake, kwa sababu masharti yake yanapingana.

Kwanza angalia klasi mama. Mara nyingi klasi moja imewekwa chini ya mbili ambazo mahali pengine zimetangazwa kuwa haziingiliani. Tuseme umeweka `Pingili` chini ya `SehemuYaMmea`, na pia chini ya `Kienezi` kwa kuwa hueneza ugonjwa. Wiki iliyopita, ukiwa na ari ya kupanga mambo, ulitangaza kwamba `SehemuYaMmea` na `Kienezi` haziingiliani. Hapo injini haina namna. Ila tatizo lenyewe liko ndani zaidi: kueneza ugonjwa ni kazi ambayo kitu hufanya, si aina ya kitu. Mdudu anaweza kuifanya, pingili pia, hata mikono ya mtu kwa magonjwa mengine. Kazi za namna hiyo zieleze kwa uhusiano, na matangazo ya kutoingiliana yabaki kwa klasi zinazotaja asili ya kitu: mdudu, mmea, virusi.

Kama klasi mama hazina neno, angalia kikoa (klasi ya kitu ambako uhusiano unaanzia) na upeo (klasi ya kitu unakoishia) wa uhusiano uliotumika. Hiyo ina dalili yake hapa chini kwa sababu hujificha.

Sababu ya tatu ni `some` (angalau kimoja) na `only` (hiki tu, hakuna kingine) kugongana kupitia urithi. Klasi ya juu inasema `unaugua only Batobato`; ya chini inasema `unaugua some MichiriziKahawia`; na magonjwa hayo mawili umeyatangaza kuwa hayaingiliani. Sharti la juu limeshuka na kumfunga mtoto. Wa kulaumiwa karibu kila mara ni huyo `only` wa juu, aliyeandikwa na mtu aliyetaka kusema "kwa kawaida". OWL haina "kwa kawaida".

Klasi nyingi zikiwa nyekundu kwa pamoja, usizishughulikie moja moja. Tafuta iliyo juu kabisa, au ile ambayo nyingine zinaitegemea, uirekebishe hiyo kisha usawazishe tena. Kwa kawaida nyingine huponea hapo hapo.

Ukikwama, bofya alama ya kuuliza iliyo kando ya hitimisho. Protégé itakuonyesha kauli chache zinazotosha kuleta mgongano huo. Zisome zote, maana iliyo na kosa mara nyingi si ile uliyoiandika mwisho.

Onyo: usifute tangazo la kutoingiliana ili wekundu uondoke tu. Ni sawa na kutoa betri kwenye king'ora cha moto. Na ukisoma kauli zote za maelezo, ukaona kila moja ni kweli kwa namna yake lakini bado zinapingana, acha kuhariri. Hapo hakuna tena suala la OWL. Anayehitajika ni mtaalamu wa magonjwa ya mimea, akuambie ipi kati ya hizo si kweli shambani.

Dalili: injini inakataa kuendelea na kusema ontolojia nzima ina mgongano

Hii ni nzito kuliko wekundu. Klasi tupu inavumilika. Hapa kipo kitu mahususi ambacho hakiwezi kuwepo, na kwa mantiki hiyo kila kauli huwa kweli, kwa hiyo hakuna hitimisho la kuaminika.

Angalia vitu mahususi kwanza. Huenda mmea fulani wa majaribio umewekwa kwenye klasi mbili zisizoingiliana, au kwenye klasi ambayo tayari ilikuwa nyekundu. Kisha angalia thamani za data: sifa inayodai namba kamili imepewa neno. Ukishindwa kuona, toa vitu mahususi vyote kwenye faili la majaribio na uwashe injini. Mgongano ukiisha, virudishe kwa mafungu hadi utakapomkuta mkosaji. Usipoisha, klasi zenyewe ndizo zenye tatizo, na hapo tafuta kauli iliyowekwa juu kabisa, kwenye owl:Thing (klasi ya vitu vyote), ambayo hakuna aliyekusudia iwe pale.

Dalili: klasi imehamia mahali pa ajabu

Umewasha injini na nzi mweupe amekuwa aina ya ugonjwa. Hakuna wekundu wala onyo.

Sababu ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo inayopoteza muda wa watu kuliko zote, ni kudhani kwamba kikoa na upeo ni vizuizi. Anayetoka kwenye hifadhidata huona kikoa kama mlinzi wa mlangoni: kitu kisichofaa kitarudishwa. OWL haifanyi hivyo. Inapokea kitu kisha inakipa aina. Tazama:

`hushambulia`: kikoa ni `Ugonjwa`, upeo ni `Mmea`
`NziMweupe SubClassOf hushambulia some Muhogo`

Injini inafuata: kila kinachoshambulia ni ugonjwa, nzi mweupe hushambulia, basi nzi mweupe ni ugonjwa. Kama `Ugonjwa` na `Mdudu` zingekuwa zimetangazwa kutoingiliana, nzi mweupe angegeuka mwekundu na ungejua. Kwa kuwa hazikutangazwa, amehamia kimya. Ndiyo maana matangazo ya kutoingiliana yana faida hata yanapokuudhi. Ontolojia ya piza iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Manchester kwa ajili ya kufundishia ina kosa hili hili, lililowekwa makusudi: aiskrimu imepewa matunda ya juu kwa uhusiano ambao kikoa chake ni piza, na mwanafunzi anatakiwa agundue kwa nini aiskrimu imekuwa nyekundu.

Tiba ambayo wengi huikimbilia ndiyo inayozidisha ugonjwa: kuongeza `Mdudu` kama kikoa cha pili. Vikoa viwili havisomwi "hiki au kile". Vinasomwa "hiki na kile", hivyo sasa kila kinachoshambulia ni ugonjwa na mdudu kwa wakati mmoja. Ukitaka chaguo, andika kikoa kimoja tu: `Ugonjwa or Mdudu`. Bora zaidi, jiulize kama ugonjwa na mdudu kweli "hushambulia" kwa maana moja. Mdudu hula na kufyonza, ugonjwa humpata mmea. Uhusiano mbili zenye majina mawili zitakusaidia kuliko kikoa kipana kisichosema lolote. Na ukiwa na shaka, ondoa kikoa kabisa. Ontolojia isiyo na vikoa haikosi heshima.

Sababu ya pili ni `EquivalentTo` (ufafanuzi kamili, wa pande zote mbili) iliyotumika pasipostahili. Ukisema `Batobato EquivalentTo Ugonjwa and hushambulia some Muhogo`, umesema kila ugonjwa unaoshambulia muhogo ni batobato. Michirizi ya kahawia itahamia chini yake bila kukuuliza.

Sababu ya tatu ni `only` inayotimizwa na kitu kisicho na kitu. Klasi `MuhogoWaBatobatoTu`, iliyofafanuliwa kuwa `Muhogo and unaugua only Batobato`, itawachukua hata mihogo ambayo umetamka wazi kwamba haiugui chochote. Usiougua lolote hauugui kisicho batobato, kwa hiyo sharti limetimia. Ukitaka yenye ugonjwa, weka `some` na `only` pamoja.

Dalili: nimeandika kila kitu, na injini haihitimishi lolote

Umetengeneza klasi `MuhogoWenyeBatobato` na ulitarajia mimea yenye ugonjwa huo ijipange chini yake. Haijipangi.

Kwanza: umetumia `SubClassOf` mahali pa `EquivalentTo`. `SubClassOf` hutaja sharti la lazima tu: ukiwa humu, unaugua batobato. Haisemi kwamba anayeugua batobato yumo humu. Injini haiwezi kumwingiza mtu kwenye klasi isiyo na ufafanuzi kamili. Kwenye Protégé hamisha masharti hayo kutoka sehemu moja hadi nyingine, usawazishe, utazame.

Pili: uhusiano umeandikwa kati ya klasi zenyewe, mshale wa moja kwa moja, mara nyingi na mtu aliyeandika faili kwa mkono au kulitoa kwenye jedwali la Excel:

`:Jani :niSehemuYa :Muhogo .`

Tangu OWL 2 ilipopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2009, jina moja linaruhusiwa kuwa la klasi na la kitu mahususi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo faili linafunguka bila malalamiko. Lakini injini inawaona hao kama wawili tofauti: kuna klasi `Jani`, na kuna kitu kinachoitwa `Jani`, na mshale umefungwa kwenye hicho kitu. Klasi haijaguswa. Uhusiano wenyewe ukiwa haujatangazwa, mshale unaweza hata kusomwa kama dokezo la pembeni lisilo na mantiki yoyote. Badilisha kuwa `Jani SubClassOf niSehemuYa some Mmea`. Mishale ikiwa mingi, usiibadilishe yote kwa skripti moja bila kusoma: baadhi itamaanisha "kila", baadhi "huenda", na hizo za pili hazistahili kuwa `some`.

Tatu: unategemea ukimya. Klasi `MuhogoMzima`, yaani `Muhogo and not (unaugua some Ugonjwa)`, haitapata hata mmea mmoja kwa sababu tu hujaandika ugonjwa wake. OWL haichukui kisichoandikwa kuwa si kweli. Inakichukua kuwa hakijulikani. Lazima utamke kwamba mmea huo hauna ugonjwa, na utamke tu pale mtu alipoupima. Kwa michirizi ya kahawia hili si suala la mantiki peke yake: mmea unaweza kuonekana vizuri juu ilhali mizizi imeoza ndani. Ukimya wa data si afya ya mmea.

Nne: uhusiano hauvuki hatua. Jani ni sehemu ya tawi, tawi ni sehemu ya mmea, lakini jani halihesabiwi kuwa sehemu ya mmea. Weka `niSehemuYa` kuwa uhusiano unaovuka. Ukitaka uhusiano tofauti ziungane, kwa mfano ugonjwa ulio kwenye sehemu uhesabike kuwa uko kwenye mmea, tumia mnyororo wa uhusiano: `ikoKwenye o niSehemuYa SubPropertyOf ikoKwenye`.

Dalili: ukiuliza aina za muhogo unapata majani, mizizi na pingili

Sababu karibu ni moja: mti wa klasi umetumika kama orodha ya yaliyomo. Kushuka chini ya klasi kuna maana moja tu, "kila hiki ni kile". Kila jani la muhogo ni muhogo? Hapana. Basi litoe hapo, uliweke chini ya `SehemuYaMmea`, na uhusiano wake na muhogo uwe sharti.

Kosa lenye sura ya pili ni gumu zaidi: aina za mbegu. Kiroba, aina inayolimwa sana pwani ya Tanzania, ni klasi au kitu mahususi? Ukiwa na mimea halisi shambani, kila mmoja na lebo yake, Kiroba ni klasi na mimea ni vitu vyake. Ukiwa na jedwali la aina tu, kila aina ikiwa na mwaka wa kutolewa na kituo kilichoitoa, Kiroba ni kitu mahususi ndani ya klasi `AinaYaMbegu`. Sifa hukuonyesha njia: mwaka wa kutolewa ni wa aina, si wa mmea ulio mbele yako. Kinachovuruga ni kuchanganya yote mawili, Kiroba ikawa chini ya `Muhogo` na papo hapo ikawa "imetolewa" mwaka fulani. Hata Wikidata, hifadhidata huria ya maarifa yenye wahariri kutoka kila pembe, hukumbwa na mkanganyiko huu kati ya "ni mfano wa" (P31) na "ni klasi ndogo ya" (P279). Ukihitaji pande zote mbili, tengeneza mbili: klasi `MmeaWaKiroba` na kitu `kiroba`, uziunganishe kwa uhusiano `niWaAina`.

Dalili: uhusiano ni kweli ukienda, si kweli ukirudi

Umetangaza `inaSehemu` kuwa kinyume cha `niSehemuYa`, ukatarajia kwamba kila jani likiwa sehemu ya mmea, basi kila mmea una jani. Injini haisemi hivyo, na iko sahihi. Kinyume hufanya kazi kati ya vitu, si kati ya masharti ya klasi. Katika baiolojia mfano maarufu ni kiini cha seli: kila kiini ni sehemu ya seli, lakini chembe nyekundu za damu za binadamu zilizokomaa hazina kiini. Upande wa pili ukiwa kweli, uandike mwenyewe kama sharti lake. Usipokuwa kweli, shukuru.

Hapa ndipo wakati huingia kwa mlango wa nyuma. "Kila mzizi wa muhogo ni sehemu ya mmea" inaonekana salama hadi siku ya mavuno. Mzizi ulio kwenye fungu la sokoni si sehemu ya mmea wowote, bali umetokana na mmea. OWL haina namna ya ndani ya kusema "ilikuwa". Tiba rahisi ni kutumia uhusiano wa asili, `umetokanaNa some Mmea`, ambao haufi mzizi unapong'olewa. Ukihitaji kufuatilia kitu kilekile shambani, ghalani na sokoni, simama: huo ni uamuzi wa usanifu unaogusa ontolojia yote, na ni afadhali kumtafuta mtu aliyewahi kuutekeleza kuliko kuubuni njiani.

Vivyo hivyo kwa uenezaji. `VirusiVyaBatobato SubClassOf huenezwaNa some NziMweupe` inadai kwamba kila kirusi, hadi cha mwisho, kimewahi kubebwa na nzi. Vingi vimekuja na pingili. Ulichotaka kusema ni kwamba vinaweza kuenezwa hivyo, na uwezo uuite uwezo: `huwezaKuenezwaNa`. Wala usimalizie kwa `only NziMweupe`. Utakuwa umeifuta pingili kwenye orodha ya hatari.

Dalili: injini haimalizi, au inalalamika kuhusu idadi

Malalamiko ya idadi ni mepesi. Uhusiano unaovuka, kama `niSehemuYa`, hauruhusiwi kwenye sharti la hesabu kama `exactly 1`. Tengeneza uhusiano mdogo chini yake, `niSehemuYaMojaKwaMoja`, usiovuka, na uhesabu kwa huo.

Injini isipomaliza, badilisha injini kabla ya kubadilisha ontolojia. HermiT inashughulikia OWL 2 DL nzima, na hulipia kwa muda. ELK imetengenezwa kwa wasifu mdogo wa EL, yaani sehemu tu ya OWL, na huipanga SNOMED CT, msamiati mkubwa wa tiba wenye dhana zaidi ya 350,000, kwa sekunde chache. Lakini EL haina `only`, haina `or`, wala uhusiano wa kinyume, na ELK ikikutana navyo huviruka. Kwa hiyo kukosa wekundu kwenye ELK si cheti cha afya. Iendeshe kila siku kwa kasi, kisha HermiT kabla ya kutoa toleo.

Bado inakwama? Punguza `only` na `or`, na uangalie kama ulivuta ontolojia nzima ya watu wengine kwa ajili ya majina machache. Chukua kipande unachohitaji. Zana ya ROBOT, inayotumiwa na OBO, jamii ya wajenzi wa ontolojia za baiolojia, inaweza kukikata.

Dalili: data ina mapengo na injini haioni

Kila sampuli inapaswa kuwa na shamba ilikotoka, nyingine hazina, na injini iko kimya. Sharti la `some` limeifanya iamini kwamba shamba lipo, ila hujalitaja jina. Kwa ukaguzi wa data tumia SHACL, kiwango cha W3C cha mwaka 2017, ambacho hukagua kilichomo kwenye data na kulalamika kwa kisichokuwemo. Acha OWL ihitimishe, SHACL ikague. Kulazimisha moja ifanye kazi ya nyingine ndiko kunakozaa nusu ya vikoa vya ajabu.

Unapomwita mtaalamu

Mwite mapema kama ontolojia inalisha mfumo wa hospitali au wa maamuzi ya dawa, au kama unatakiwa kubadilisha maana ya uhusiano ambao watu wengine tayari wanautumia. Mpelekee faili dogo kabisa linaloonyesha tatizo, toleo la Protégé, jina la injini, na maelezo uliyoyapata kwa alama ya kuuliza. Ongeza sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida, inayoanza na "kila", ikieleza ulichotaka kusema kabla hujakiandika kwa OWL.